Usiipoze Simu, Ipunguzie Mzigo

Wadau, leo tuachane kidogo na siasa. Tuzungumzie joto. Si joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari, wala joto la kampeni. Nazungumzia joto linalotoka kwenye kiganja cha kijana aliyekaa Bonga, kusini mwa Babati mjini, pembeni ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Saa nane mchana. Simu imelazwa ubavu, vidole gumba viwili vinakwenda mbio kama sindano ya cherehani.

Mnamfahamu. Anacheza Free Fire, au PUBG Mobile, au Call of Duty, au ni mtu wa mpira na yuko kwenye eFootball. Mnamkuta Bonga, mnamkuta Sakina, mnamkuta Mbagala. Na wengi wenu mnaosoma hapa ndio yeye, msijifanye wageni.

Nusu saa baadaye mambo yanaanza. Gemu linakwamakwama. Mwanga wa kioo unapungua wenyewe. Mgongo wa simu unachoma kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Jamaa anapigwa risasi kabla hajageuka, anatukana mtandao, anatukana simu. Hapo washauri wa kijiweni wanaingia kazini: "Iweke kwenye friji dakika tano." "Ifunge kitambaa kibichi." "Pakua ile programu ya kupoza simu." "Ipulizie feni, bro."

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ushauri huo karibu wote unajibu swali lisilo lenyewe. Kila mtu anauliza tutaipozaje simu. Hakuna anayeuliza tumeibebesha nini mpaka ikachemka hivi.

Kwanza tuelewane simu inachemkaje. Umeme wote unaotoka kwenye betri na kuingia kwenye prosesa, mwisho wake unageuka kuwa joto. Ni sheria ya fizikia, na sheria hiyo haili rushwa. Kompyuta ya mezani ina feni ya kulisukuma joto nje. Simu nyingi hazina. Joto lake lina njia mbili tu, mgongo wa simu na kioo, kisha likutane na hewa au na kiganja chako. Likitengenezwa kwa kasi kuliko linavyotoka, simu inapanda joto. Ikifika kiwango ilichowekewa na mtengenezaji, inaanza kujitetea: inapunguza kasi ya prosesa, inapunguza mwanga wa kioo, inasimamisha kuchaji. Ikizidiwa kabisa, inajizima.

Kwa hiyo kule kukwamakwama, mara nyingi, simu haijaharibika. Inajiokoa.

Chukua bodaboda ya cc 125. Imepakia mishikaki, watu watatu nyuma ya dereva, na gunia la mahindi juu yake, inapanda mlima. Injini inaunguruma, inanuka, inakaribia kuzima. Kisha anatokea mtu anasema, "Imwagieni maji injini." Utamwonaje? Mwenye akili timamu atasema shusheni abiria kwanza! Sasa simu yako nayo imepakia mishikaki. Tuwashushe abiria mmoja mmoja.

Abiria wa kwanza ni picha. Gemu likionyesha picha 60 kwa sekunde, prosesa ina milisekunde kama 17 tu za kuchora kila picha. Ukishusha hadi 30, inapata milisekunde 33, yaani kazi ya kuchora inapungua karibu nusu. Vivuli, moshi, majani yanayopepea, nyasi zinazong'aa, vyote vinachorwa upya kila mara. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, shusha ubora wa picha, chagua kile kiwango cha chini ambacho magemu mengi yanakiita Smooth. Utapoteza urembo. Adui utamwona vilevile, na pengine vizuri zaidi, maana hajafichwa na nyasi za mapambo. Tena afadhali picha 30 zilizotulia kwa saa nzima kuliko 60 za dakika kumi na baada ya hapo kigugumizi.

Abiria wa pili ni kioo. Ukikaa juani huoni kitu, unapandisha mwanga mpaka mwisho. Hapo umeipiga simu mara mbili: jua linaichoma kwa nje, kioo kinakula umeme kwa ndani. Dawa yake ni bure. Hamia kivulini, shusha mwanga.

Abiria wa tatu ni mtandao, na huyu watu wa mijini mnamsahau. Simu iliyo mbali na mnara, au iliyozibwa na ukuta, inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike. Inapiga kelele, kwa lugha rahisi. Na gemu la mtandaoni halinyamazi hata sekunde moja. Sasa fikiria yule kijana wa Bonga yuko ndani ya chumba cha bati kisicho na dari, saa nane mchana. Bati linapunguza mawimbi, simu inaongeza sauti. Bati hilohilo limegeuza chumba kuwa tanuri. Akitoka nje na kukaa chini ya mti anapata vitu viwili kwa mpigo, hewa ya baridi na mtandao mzuri. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na jioni za Juni na Julai watu wanavaa masweta. Hiyo ni feni ya Mungu, haina bili. Apple wanasema iPhone zimetengenezwa kutumika kwenye hewa ya kati ya nyuzi 0 na 35. Kivuli cha Babati kimo humo bila shida. Chumba cha bati mchana wa jua kali, sina hakika ungependa kukipima.

Abiria wa nne ndiye mwenye kilo nyingi kuliko wote: chaja. Betri inapochajiwa inatoa joto lake yenyewe. Ukicheza huku unachaji, joto la prosesa na joto la betri vinakutana ndani ya kiboksi chembamba kuliko daftari la shule. Hapo juu ongeza kava nene la mpira na godoro chini yake. Umeivalisha simu koti kisha ukaifunika blanketi, halafu unashangaa inatokwa jasho!

Kanuni yangu hapa haina maelewano: chaji kwanza, chomoa, ndipo ucheze. Ukicheza vua kava, na simu isilale kitandani. Wako wenye simu zenye uwezo wa kupeleka umeme wa chaja moja kwa moja kwenye simu bila kupita kwenye betri. Baadhi ya Infinix zinao, na Samsung kadhaa zinao kwenye sehemu yao ya michezo. Kama yako inao, utumie. Kama haina, chomoa. Na wale wa sola, tafadhali, simu isikae juu ya paneli wala kando yake. Paneli inataka jua, simu inataka kivuli. Ndiyo maana waya ni mrefu.

Sasa turudi kwa washauri wa kijiweni. Friji? Simu ya moto ikiingia kwenye baridi kisha ikatolewa kwenye hewa yenye unyevu, matone ya maji yanaweza kujitengeneza juu yake na hata ndani yake. Umeondoa joto umeleta maji, na maji kwenye simu fundi wako anayajua bei yake. Kitambaa kibichi ni hadithi ileile. Programu ya kupoza simu? Hebu tufikiri pamoja. Programu haina feni, haina barafu. Yenyewe ni mzigo mwingine juu ya prosesa, na nyingi kati yake zinaishi kwa matangazo. Ni sawa na kupandisha abiria wa tano ili awashauri wenzake wakae vizuri. Feni ya kawaida ukutani haina ubaya, wala vile vifeni vidogo vya kubana mgongoni. Ila kama hujashusha mzigo, umenunua muda tu.

Kuna atakayesema, "Wewe mwandishi wa habari, unajua nini kuhusu prosesa?" Swali halali. Basi tusinisikilize mimi, tuangalie wakubwa wenyewe walifanya nini walipobanwa.

Mwaka 2022 Samsung walitoa Galaxy S22. Watumiaji wakagundua kuna programu ndani ya simu inayopunguza kasi ya prosesa kimyakimya watu wanapocheza magemu. Kelele zikawa nyingi. Geekbench, wale wapimaji wa kasi za simu, wakaziondoa simu kadhaa za Galaxy S kwenye orodha yao. Samsung wakalazimika kutoa sasisho linalompa mtumiaji uamuzi. Mimi siwalaumu kwa kupunguza kasi. Nawalaumu kwa kutosema. Lakini oneni walichofanya. Kampuni yenye maabara na wahandisi wa kila aina ilitaka kudhibiti joto, na njia iliyochagua ilikuwa kupunguza mzigo.

Mwaka 2023 ikaja zamu ya Apple. iPhone 15 Pro ilitoka Septemba, wenye nazo wakaanza kulalamika zinachoma mikono. Apple wakaeleza kwamba kulikuwa na hitilafu kwenye iOS 17, na baadhi ya programu zilikuwa zinaielemea prosesa kupita kiasi. Moja waliyoitaja kwa jina ni gemu la magari, Asphalt 9. Mapema Oktoba likatoka sasisho la iOS 17.0.3. Hawakumtumia mteja barafu. Walirekebisha programu ili simu ifanye kazi kidogo zaidi. Na hapa kuna somo la pembeni: sasisha simu yako na gemu lako. Wakati mwingine abiria mzito ni programu iliyoandikwa vibaya.

Tukishaelewa hilo, tuje kwenye jambo linaloniuma hasa. Pesa.

Joto la leo unaweza ukalivumilia. Unapumzika dakika kumi, simu inapoa, unarudi uwanjani. Betri ndiyo haisahau. Betri hizi za lithiamu, ambazo waanzilishi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, zinachakaa haraka zaidi kadiri joto linavyopanda, na hasa zikiwa zimejaa. Ukurasa wa Battery University wa kampuni ya Cadex ya Kanada una jedwali linalojulikana sana. Betri iliyojaa, ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25, inabaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake. Ihifadhi ikiwa imejaa kwenye nyuzi 40, inabaki na asilimia 65. Na hapo imekaa tu, hakuna aliyeigusa! Sasa wewe unaichemsha kila siku ikiwa kwenye chaja, imejaa asilimia 100, gemu linawaka. Baada ya mwaka simu inazima ikiwa na asilimia 20, unasema kampuni imekuuzia takataka.

Kwa msomaji wa Masaki mwenye simu mbili na kompyuta, hilo ni usumbufu. Kwa kijana wa Bonga ni habari nyingine kabisa. Simu yake ndiyo benki yake, pesa zake za mtandao zimo humo. Ndiyo ofisi yake, kama ni bodaboda wateja wanampigia humo. Ndiyo redio, ndiyo tochi, ndiyo albamu ya picha ya marehemu bibi. Wengine wameichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na deni haliulizi kama betri imekufa.

Wengine waliinunua baada ya mbaazi kuuzwa. Wenyeji wa Babati hawahitaji kuelezwa mbaazi ni kitu gani huku. Na hawajasahau mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza kutoka nje na bei ikaanguka vibaya kwa wakulima wetu. Fanya hesabu mwenyewe: simu yako ni magunia mangapi ya mbaazi? Kupalilia, kuvuna, kupura, kupepeta, kisha dalali naye akate chake. Halafu uje uichome kwa sababu ya vivuli vya miti kwenye gemu? Hapana, mdogo wangu.

Betri ikifa kuna hatari ya pili, nayo ni betri bandia. Watanzania tunaijua historia hii. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizifungia simu bandia, na watu walifundishwa kubonyeza *#06# ili kupata namba ya utambulisho wa simu na kuihakiki kwa kuituma 15090. Simu ina namba ya kuhakiki. Betri ya dukani haina, wala chaja. Unaamini nembo tu, na nembo ni rahisi kuchapa. Ndiyo maana nasema betri iliyokuja na simu yako itunze kama mboni, maana ya pili hujui imetoka wapi.

Na mzaha una mwisho. Mwaka 2016 Samsung, kampuni kubwa yenye ukaguzi wa kila namna, ilitoa Galaxy Note 7 mwezi Agosti, na kufikia Oktoba ikaacha kabisa kuitengeneza kwa sababu zilikuwa zinashika moto. Januari 2017 ikaeleza kwamba tatizo lilikuwa kwenye betri zenyewe, kutoka kwa watengenezaji wawili tofauti. Kama betri za kampuni hiyo ziliweza kuwaka, ya kwako uliyoinunua stendi ikiwa imefungwa kwa nailoni usiilaze chini ya mto. Ukiona mgongo wa simu umeinuka au kioo kimeanza kuachia pembeni, betri imevimba. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, impelekee fundi anayeeleweka. Hapo hata bingwa wa Free Fire anaacha mechi.

Najua wako wazee wangu wanaosoma hapa na tayari wameshapata jibu fupi: vijana waache kucheza magemu, wakalime. Shikamooni. Kwa heshima zote, sikubaliani nanyi. Mtu aliyelima asubuhi ana haki ya kucheza jioni, kama ninyi mlivyocheza bao. Na dunia haiyaoni tena magemu haya kama upuuzi. Mwaka 2024 Riyadh, Saudi Arabia, lilifanyika Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki, na PUBG Mobile na Free Fire, magemu ya simu haya haya ya kijiweni, yalikuwemo. Kijana wa Seoul anafanya mazoezi kwenye chumba chenye kiyoyozi. Wa Bonga ana simu moja na mwembe mmoja. Tusimnyang'anye simu. Tumfundishe kuitumia ili idumu.

Tena mafundisho haya yangeanza pale simu inaponunuliwa. Muuzaji anakueleza kamera ina megapikseli ngapi, anakupigia picha palepale uone ulivyopendeza. Hakuambii neno moja kuhusu joto. Kijitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa maandishi madogo kama ya mkataba wa kausha damu, na mara nyingi hakina Kiswahili. Waagizaji wanaouza simu nyingi hivi nchini hawashindwi kuchapa karatasi moja ya Kiswahili: usicheze ukiwa unachaji, vua kava ikichemka, usiianike juani, betri ikivimba fanya hivi. Karatasi moja tu. Hilo nalo linahitaji mfadhili?

Basi kwa ufupi, kwa wale wanaopenda kusoma mwisho kwanza. Shusha picha. Shusha mwanga. Tafuta kivuli chenye mtandao. Chomoa chaja. Vua kava. Pumzisha simu kila baada ya mechi kadhaa, na wewe upumzishe macho. Ikiwa baada ya yote hayo bado inachoma, tena hata usipocheza, hapo kuna ugonjwa: nenda kwa fundi.

Na kama kuna mdau wa Babati, Magugu au Kondoa aliyedumu na simu moja miaka mitatu minne akiwa mchezaji wa kila siku, ajitokeze atupe siri yake. Nina dau langu moyoni. Nadhani atatuambia hana friji, hana kifeni, na kava lake limekaa kwenye droo tangu aliponunua.